Mraba wa Serikali Shambani kwa Mzee Ibrahimu

Saa mbili asubuhi ukungu haujaachia vilima vya Vuga, na Scholastica Yohane ameshafika kwenye mahindi ya watu. Anatandaza turubai na kutundika mizani kwenye tawi la mparachichi. Mwenye shamba, Mzee Ibrahimu, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa leo ni Jumanne.

"Leo ndiyo leo, mwanangu," anasema.

Scholastica, miaka 34, ni mdadisi wa takwimu za kilimo Lushoto. Mahindi yakiwa machanga, huchagua mahali kwa bahati nasibu na kufunga kamba kwenye vigingi, mraba wa mita tano kwa tano. Yakikomaa anarudi kuvuna na kupima. Kwa miraba kama hiyo, nchi hukadiria imevuna kiasi gani.

"Zamani ungeuliza ghala la ushirika," anaeleza. "Siku hizi biashara huria. Lori la mtu binafsi linabeba gunia, hujui limekwenda wapi. Lazima tuje shambani wenyewe."

Kazi yenyewe si lelemama. Miteremko hii humlia jozi mbili za viatu kila msimu. Lakini kilichomtoa jasho kuliko vilima ni mapenzi ya Mzee Ibrahimu.

Mwaka jana aliporudi hapa, nje ya kamba alikuta mahindi ya kawaida, mengine yamelala. Ndani ya kamba palikuwa pamepaliliwa, pamejaa samadi ya mbuzi, na pembeni kibanda cha kulindia ngedere.

"Niliambiwa ni mraba wa serikali," Mzee anajitetea. "Sasa mgeni nimpe kitanda kibovu?"

Mkewe, Bi Mwanahamisi, anacheka mpaka anashika kiuno. "Alihamia huku, mwanangu. Mimi mkewe nikimuuliza, ananiambia yuko zamu."

Mraba ule haukuhesabiwa. "Ningeupeleka, taifa lingedhani Vuga nzima inavuna vile," anasema Scholastica. "Baba wa watu alinyong'onyea. Alidhani ameheshimu, kumbe ameharibu. Nilirudi nyumbani roho inaniuma."

Mwaka huu wakubwa wake walitaka shamba hilo liondolewe kwenye orodha ya kupimwa. Scholastica aliwasihi libaki, nao wakakubali kwa sharti kwamba mraba ukipendelewa tena, Mzee Ibrahimu anatoka moja kwa moja. Alimweleza mzee waziwazi kwamba mraba utunzwe kama shamba lote.

Ndiyo maana leo, kabla ya kukata hindi hata moja, anazunguka shamba zima akitafuta tofauti. Anashuka mpaka kijitoni, anapanda mpaka mpakani kwa jirani. Haioni. Mteremko wote umepaliliwa, na samadi iko kila shina.

"Ulisema nisiupendelee," Mzee anamwambia. "Kuupunguzia nilishindwa. Nikayapandisha mengine."

Scholastica anavuna, anapima. Mizani inatulia kwenye kilo kumi na moja.

"Inahesabiwa?" Mzee anauliza kwa sauti ndogo.

"Inahesabiwa, baba."

Bi Mwanahamisi anapiga vigelegele vinavyosikika ng'ambo ya bonde. Mzee anageukia mahindi yake. Scholastica naye amefurahi waziwazi, wala hafichi.

Majirani sasa wanamfuata njiani wakiomba nao wafungiwe kamba. Anawajibu kwamba haiombwi, ni bahati nasibu.

"Ila kwa mwakani nina mpango," anasema akikunja turubai. "Nitachelewa kidogo kufunga kamba. Waanze kulima kila mmoja akidhani itaangukia kwake."