Msumari wa Velko

Velko Karadzhov alipima maziwa ya ushirika kwa miaka thelathini, na kazi hiyo ilimfunza asiamini kipimo cha mtu mwingine. Kijijini kwao, chini ya milima ya Balkani, walisema hata padri akimbariki, Velko humwangalia mikono.

Basi Yanitsa, fundi wa shirika la umeme, alipokuja Januari kusema mjozi, mti wa kokwa wa nyuma ya nyumba, umerefuka mno chini ya nyaya kubwa za umeme zinazopita hapo toka mnara hadi mnara, ukatwe, mzee alinusa wizi. Mbao za mjozi ni ghali. Tena mti huo uliachwa na marehemu mama yake, aliyeupanda wakati kijiji kizima kikiamini kwamba apandaye mjozi hufa siku unapozaa. Mama alikula kokwa zake miaka ishirini. Leo binti mwenye kofia ya plastiki aje aukate?

Yanitsa alieleza kwa upole. Nyaya zile tatu zimeachwa uchi, hewa tu ndiyo inayouzuia umeme, kwa hiyo zimetenganishwa na kutundikwa kwenye vikombe vya kioo. Ule waya wa nne, mwembamba, wa juu kabisa, kazi yake ni kupokea radi. Na zote zimelegezwa makusudi, maana zikikazwa, baridi itazikata.

"Wakati wa joto zinarefuka, Mzee Velko. Zinashuka. Na umeme hausubiri uguswe. Ukisogelewa, unaruka."

"Zishuke ziende wapi, binti yangu? Waya si mkanda wa suruali."

Alipoondoka, Velko aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akaegemeza kichwa ukutani, akatazama waya wa chini unapoikata nguzo ya baraza, kisha akapigilia msumari pale pale, uwe kipimo chake. Kilele cha mjozi kilionekana mbali chini ya msumari. Akacheka peke yake, ua umejaa theluji.

Septemba ilikuja na joto la kupasua kichwa. Jumatatu mchana aliketi tena, akaukuta waya chini ya msumari kiganja kizima. Damu ikamchemka. Kumbe watu wa umeme wamekuja kuulegeza ili uongo wao uwe kweli! Alizunguka mnara akitafuta nyayo, akawahoji majirani mmoja mmoja. Jumanne asubuhi waya ulikuwa umepanda, mchana ukashuka. Akasema wana mashine ya kuuvuta kwa mbali.

Jumatano hakubanduka kizingitini. Mnarani hapakuwa na mtu, na waya ulishuka taratibu, wenyewe, mbele ya macho yake. Kwa mara ya kwanza maishani alikosa wa kumshuku. Ndipo akasikia kokwa zikidondoka. Mkewe, Minka, alikuwa juu ya ngazi chini ya mjozi, akizipiga kokwa za kileleni kwa bomba refu la alumini.

"Minka, shusha bomba. Usiliinue tena. Shuka."

Sauti ile ilimtisha, akashuka. Velko alimweleza habari ya waya.

"Umejua waya umeshuka tangu lini?"

"Jumatatu."

"Na mimi naangua kokwa tangu Jumatatu, mzee wangu. Ulikuwa hunioni?"

Hakumwona. Alikuwa akimtafuta mwizi. Akaingia ndani kumpigia simu Yanitsa.

Mjozi ulikatwa Ijumaa. Magogo yalipokwisha pangwa uani, Yanitsa alimuuliza mzee kama angependa kuyapima, ahakikishe hakuna lililoibwa. Velko alisema hapana, akachukua koleo, akaenda kung'oa msumari.