Mwokaji, Tarumbeta na Uzi wa Mama Mkwe

Saa kumi na moja alfajiri, mikate ya kwanza imeshatoka tanurini na ya pili bado inaumuka chini ya vitambaa vibichi. Mwokaji ananawa mikono mpaka viwikoni, anaikausha, anavua aproni yenye unga na kuitundika msumarini. Kisha anatoka nyuma ya jengo, anakaa juu ya kreti la plastiki lililogeuzwa, na kutoa mfukoni uzi mweupe na sindano fupi yenye ncha iliyopinda kama ndoana.

Ni kawaida yake. Kinyunya kikiumuka, yeye anafuma. Wenzake wa ndani hawamsumbui. Wanajua huo ni wakati wake, kama wengine walivyo na wakati wa sigara.

Leo hajamaliza hata mstari mmoja. Geti la nyuma linagongwa na, kabla hajaitikia, shemeji yake ameshaingia, shati limechomekewa upande mmoja tu.

"Leo si Jumatatu," mwokaji anamwambia.

Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa mkewe, na ndiye kiongozi wa bendi ya matarumbeta ambayo mwokaji aliipigia kwa zaidi ya miaka ishirini. Tangu aiache, miaka mitatu iliyopita, shemeji hupita hapa kila Jumatatu akielekea kazini. Husimama dirishani, huuliza mdomo unaendeleaje. Mwokaji hujibu, "Hivyo hivyo." Shemeji husema basi tungoje, huongea mawili matatu, huondoka.

Lakini leo ni Alhamisi, na shemeji ana jambo. Kuna mwalimu wa shule, mpigaji mzuri, anataka kujiunga na bendi. Hana chombo chake mwenyewe. Tarumbeta ya bendi iko chini ya kitanda cha mwokaji, sandukuni, na haijawahi kuombwa irudishwe. Mwalimu anataka jibu Jumamosi.

"Niambie tu kwamba unarudi, hata kama ni mwakani," shemeji anasema. "Nikishajua hivyo, namwambia mwalimu atafute bendi nyingine. Kiti ni chako."

Mwokaji anautazama uzi ulio kiganjani mwake. Anaomba apewe mpaka hiyo Jumamosi. Shemeji anampiga begani, anatoka, na kabla geti halijafungwa vizuri sauti inaita kutoka ndani: "Pumzi, njoo, kinyunya kinatuhama!"

Pumzi ndilo jina lake hapa, na ndilo jina lake kwenye bendi. Alipewa na wapiga ngoma, wanaoapa kwamba zamani angeweza kushikilia sauti moja huku mmoja wao akizunguka ukumbi mzima kusalimia watu na kurudi kwenye ngoma yake. Yeye mwenyewe anasema ukumbi ulikuwa mdogo.

Ana umri wa miaka arobaini na sita. Alianza kupuliza akiwa kijana wa kubeba magunia ya unga, na shemeji, ambaye wakati huo hakuwa bado shemeji, ndiye aliyemfundisha namna ya kukaza midomo. Katika miezi yenye sherehe nyingi, bendi ilimpa karibu nusu ya anachopata tanurini. Anasema hata hivyo haikuwa hela.

"Mtu anayekanda unga wakati wengine wamelala anahitaji siku moja watu wamtazame," anasema. "Jumamosi nilikuwa navaa koti jekundu lenye vifungo vya dhahabu. Nani angenitambua?"

Kisha asubuhi moja alikuwa anapiga mswaki. Alijaza maji mdomoni kusukutua, na maji yakamwagika upande wa kushoto, kifuani. Akadhani kikombe kinavuja. Akajaribu tena. Ndipo alipojitazama kwenye kioo na kuona nusu ya uso wake imeshuka kama pazia lililotoka kwenye ndoano.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Wengi walikubaliana kwamba alilala feni ikimpiga usoni. Daktari alisema ni neva ya uso iliyovimba, kwamba si ugonjwa wa kumuua, na kwamba ungeondoka polepole, pengine wote, pengine si wote. Kwa miezi kadhaa mwokaji alikunywa chai kwa mrija na kuongea kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Alijaribu kurudi mapema mno. Kwenye sherehe moja aliomba apige kipande kifupi tu, kile cha taratibu, na hewa ikamtoka pembeni ya mdomo. Sauti iliyopatikana, anasema, ilikuwa ya mbuzi. Ukumbi mzima ulicheka, ukidhani ni utani wa bendi.

"Nami nikacheka nao," anasema. "Kisha nikaenda nyumbani nikalisukuma sanduku chini ya kitanda."

Mkewe, mhudumu wa duka la dawa, anazikumbuka wiki zilizofuata zaidi ya anavyopenda kuzikumbuka. Mumewe alikuwa akitoka kazini, anakaa. Akichoka kukaa, anapanga upya vijiko kwenye droo. "Nikimuuliza vipi, ananiambia salama," anasema. "Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikaanza kulisikia friji."

Akamwita mama yake aje akae nao kidogo.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, au ya kuchekesha, inategemea unamuuliza nani. Mwanamume aliyepinda mdomo na mama mkwe wake, sebule moja, mchana kutwa, mke akiwa kazini. Heshima haikumruhusu kumkodolea macho mama, na aibu haikumruhusu kuacha mama amtazame usoni. Kwa hiyo akaangalia mahali pekee palipobaki: mikono ya mama. Mama alikuwa anafuma kitambaa cha meza, kiti chake kikiwa karibu na dirisha, na mikono ilikuwa inakwenda bila haraka na bila kusimama.

Baada ya siku kadhaa za kutazamwa hivyo, mama mkwe alichomoa sindano ya pili kutoka kwenye mfuko wake, akamnyooshea bila kuinua kichwa.

"Shika, mkwe," alisema. "Macho yako yameshanichosha."

Kitambaa chake cha kwanza kilipaswa kuwa cha mraba. Kilianza na upana wa kiganja na kikaishia na upana wa mto. Mama mkwe alikigeuza huku na huku, hakuelewa kosa liko wapi, kwa sababu vitanzi vyenyewe vilikuwa vizuri, vimekazwa sawasawa. Akamwambia afume mbele yake. Ndipo alipoona kwamba mguu wa mwokaji unagonga sakafu.

Alikuwa anahesabu kama mpiga tarumbeta. Kwenye bendi, mpigaji huhesabu hata pale anaponyamaza, asije akaingia kabla ya zamu yake. Kwa hiyo kila alipofika mwisho wa mstari na kugeuza, kile kitanzi kidogo cha kugeuzia, ambacho si cha kuhesabiwa, yeye alikihesabu, na aliporudi akakifuma pamoja na vingine. Kila mstari ukawa unauzidi uliotangulia.

"Mkwe, hiki ni kitambaa cha meza au ni sketi?" mama aliuliza, na wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake. Kicheko cha mwokaji kilitoka upande mmoja. Hakuna aliyejali. Kisha mama akamwambia neno ambalo bado hulirudia akifuma: huku kwenye uzi, ukinyamaza, nyamaza kweli, usihesabu.

Alifumua chote. Anasema kufumua ndiko kulikomvuta.

"Sauti ukishaipuliza vibaya imekwenda, watu wameshaisikia," anaeleza. "Uzi ukikosea unauvuta, unaanza tena, na hakuna shahidi. Nilikuwa nadhani nahitaji kutazamwa. Kumbe nilishachoka kutazamwa, sikujua tu."

Sasa vitambaa vyake viko kwenye meza ya sebuleni, juu ya friji lile lile, na kwenye migongo ya viti vya majirani wawili. Haviuzi. Kule kazini hawajaacha kumtania. Dereva anayesambaza mikate humuuliza bibi harusi ni nani. Mwingine alimwagiza amfumie soksi, naye akamjibu alete kwanza mguu uliooshwa.

Anayo hata ndoto, na akiieleza hupunguza sauti kidogo kama mtu anayeomba mkopo. Anataka kufuma pazia la dirisha la chumbani kwao, zima, kutoka juu mpaka chini, kwa mchoro wake mwenyewe ambao hajafundishwa na mtu. Mama mkwe amemwambia uzi wa namna hiyo utalegea kwa uzito wake. Yeye anadhani ameshapata njia ya kuuzuia.

Lakini Ijumaa, baada ya zamu, akiwa ameketi kwenye kreti lake, anasema jambo jingine. Anaomba lisiandikwe mpaka yeye mwenyewe amwambie shemeji yake.

Kabla ya mvua zilizopita, alikuwa peke yake nyumbani, anafagia chumba. Akalivuta sanduku ili afagie chini ya kitanda. Akalifungua bila sababu maalumu. Akaiweka tarumbeta mdomoni, akapuliza, na sauti ikatoka. Si ya mbuzi. Sauti nzima, safi, kama ya zamani. Akapiga wimbo mmoja mpaka mwisho.

"Nikangoja moyo udunde," anasema. "Haukudunda. Nikaifuta, nikairudisha, nikamalizia kufagia."

Hakumwambia mtu, hata mkewe. Kila Jumatatu aliendelea kusema hivyo hivyo. Anajua ni uongo, na anajua hasa kwa nini anausema. Shemeji ndiye aliyempa tarumbeta. Ndiye aliyesimama mbele ya wazee na kumsemea alipotaka kumuoa mkewe, akisema kijana huyu namjua, nakaa naye kila Jumamosi. Miaka yote hiyo hawajawahi kukaa pamoja pasipo bendi kuwa katikati yao.

"Urafiki wetu wote umepitia kwenye ile tarumbeta," anasema, akiukunja uzi. "Nikiitoa, sijui kitabaki nini."

Jumamosi mchana, sebuleni kwake, mama mkwe yuko kwenye kiti cha dirishani na kazi yake mapajani. Mke ametoka dukani sasa hivi, bado amevaa koti jeupe. Shemeji ameketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyekuja kukaa. Sanduku jeusi limeshatolewa chumbani, liko sakafuni, na kila mtu amejifanya halioni.

Chai imemiminwa. Shemeji anaanza mbali. Anaongelea mvua, anaongelea gari la bendi lililoharibika breki, anaongelea mpiga ngoma mmoja aliyenenepa mpaka koti limekataa kufunga. Kisha anaweka kikombe chini na kuuliza amwambie nini mwalimu.

"Mpe tarumbeta," mwokaji anasema.

Shemeji anatikisa kichwa. Anasema hana haraka, mdomo ni kitu cha kungoja, hata ukichukua mwaka mwingine bendi haitakufa.

"Mdomo umepona, shemeji."

Sindano ya mama mkwe inasimama. Mke anageuka polepole kumtazama mumewe. Naye anaeleza, kwa maneno machache, akiangalia meza: kufagia, sanduku, wimbo mmoja mpaka mwisho.

Shemeji anakisogeza kikombe mbali naye.

"Kwa hiyo Jumatatu zote hizi nakuuliza, nawe unaniambia hivyo hivyo."

"Ndiyo."

"Kabla ya huyu mwalimu nimeshakataa watu wawili kwa ajili yako."

"Najua."

Shemeji anainuka, analichukua sanduku, anaaga kwa kichwa. Shemeji amefika mlangoni, ameinama kutafuta viatu vyake, mwokaji naye anaposimama. Upande wa kushoto wa mdomo wake, ambao bado huchoka akiwa na wasiwasi, unatetemeka kidogo.

"Siitaki tena," anasema. "Hata ningepewa midomo miwili, siitaki. Nilikuwa nakudanganya kwa sababu niliogopa ukishajua hutakuwa tena na sababu ya kupita. Na Jumatatu usipopita, mimi nitaumia. Ninachotaka ni upite, kaka. Basi."

Hajawahi kumwita kaka. Mkewe anathibitisha hilo baadaye.

Shemeji ana kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Anamtazama mwokaji, anamtazama mama yake, kisha anamrudia mwokaji.

"Wewe nawe," anasema. "Habari za mdomo ningeweza kuziuliza kwa simu. Miaka mitatu napita pale, ulidhani nafuata mdomo?"