Niliiweka Gare Msibani, Nikamwachia Mwanangu Lawama

Nilimwacha mwanangu aitwe mwizi mbele ya watu, na mimi nikijua kabisa kwamba kosa ni langu. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia bure huko mbele.

Mimi ni mzee wa Lushoto. Darasa la nne sikumaliza. Biashara ilipofunguliwa, kila mtu akaruhusiwa kuuza chake, nilianza kubeba kabeji kichwani hadi barabarani. Leo nina nyumba ya bati, nina gari la mizigo, nimesomesha watoto wangu na wa mdogo wangu. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nasema hivyo kwa sababu kiburi changu kilitoka hapo, na hiki kiburi ndicho kilichoniua.

Mwanaidi ni binti wa mdogo wangu. Kwetu huyo ni mwanangu, ananiita baba mkubwa. Mama yake ni mtu wa Mlalo. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi na akili ya kufungua duka ndani ya mtandao. Mahoteli ya Dar na Tanga yaone matunda yetu, yaagize, sisi tupakie. Nilicheka. Kisha oda zikaanza kuingia nikaacha kucheka.

Duka lenyewe hakulijenga kuanzia msingi. Alichukua mifupa iliyokwisha kuundwa na watu wengine huko duniani, yeye akaivisha nyama. Alinieleza mara nyingi. Matunda yote yameandikwa ndani ya ghala la taarifa, databesi. Lakini duka haliongei na ghala moja kwa moja. Katikati kuna kitu, yeye alikiita mkalimani. Hoteli inauliza, mapeasi yapo? Mkalimani analigeuza swali kwa lugha ya ghala, analeta jibu.

Sasa sikiliza ujinga wangu ulipoanzia.

Milimani kwetu mtu mzima akifa, watu hawashiki jembe wala hawachumi mpaka azikwe. Nikamwambia Mwanaidi, hilo duka lako halina adabu, linauza matunda ya mfiwa na maiti ingali ndani. Akaweka alama ya msiba. Ukiibonyeza, mazao ya mfiwa yanajificha. Nikataka zaidi, yasionekane popote, hata kwa bahati mbaya. Basi akamfundisha mkalimani kwamba kila atakapoulizwa swali lolote, aongeze mkiani maneno yake mwenyewe: na kisiwe cha mfiwa. Hata usipomwambia, anaongeza.

Neno la siri la kuingilia huko nyuma ya duka tulikuwa nalo wawili tu, yeye na mimi.

Akafariki mzee mmoja wa Gare, mtu mkubwa, kijiji kizima kililala chini. Asubuhi ile Mwanaidi hakuwapo. Nikaingia mwenyewe. Badala ya kutafuta jina la mfiwa, nikaona jina la Gare yenyewe pale juu, kwenye orodha ya vijiji, na alama ileile pembeni yake. Nikaibonyeza. Gare yote msibani. Nilijisikia bwana mkubwa, nikavaa koti nikaenda kuzika.

Tulizika. Watu wakarudi mashambani. Mimi nikasahau. Kompyuta haijui kuanua matanga, jamani. Ukiiambia kuna msiba, itakaa na msiba mpaka uiambie kwamba aliyekufa amezikwa.

Haikujulikana upesi, maana wakati ule Gare walikuwa na mboga tu na mboga wanauza sokoni. Mapeasi yalipoiva ndipo mambo yakaharibika. Matenga yamejaa bandani kwangu, nyigu wanazunguka, na duka linasema Gare hakuna kitu. Mapeasi ya Mlalo yanaonekana, yanaagizwa. Ya Gare hakuna.

Mwanaidi alihangaika, mnyonge. Akiliuliza ghala lenyewe, mapeasi ya Gare yapo. Akipitia kwa mkalimani, hayapo. Alimwangalia mkulima mmoja mmoja kama ana alama ya msiba, hakuna hata mmoja. Chai ikipoa pembeni yake anaiacha. Akaniambia ghala halisemi uongo, kuna mahali swali linaongezewa kitu, atalifuata mpaka alione.

Wenyewe wa Gare hawakuwa na subira hiyo. Walikuja asubuhi moja wamejaa mlangoni pa ofisi ya duka, mbele yao Mama Anjela, mjane mwenye miti mingi ya mapeasi kuliko wote na mdomo mrefu kuliko miti yake. Wakasema imekuwaje ya ujombani kwa huyu binti yanauzwa na ya kwao yanaoza. Mwanaidi alikuwa kwenye kompyuta. Alikuwa ameifanya mashine imwonyeshe lile swali lenyewe kama linavyofika ghalani, neno kwa neno. Nikamwona amesoma mpaka mkiani. Akafungua ukurasa wa majina ya vijiji. Akageuka kwangu.

"Baba mkubwa," akasema polepole, "kuna mtu aliiweka Gare msibani?"

Nilikumbuka pale pale. Koti, asubuhi, kidole changu.

Mama Anjela akadakia, "Atuweke msibani nani? Sisi tumekufa?" Watu wakacheka.

Nami niliogopa kicheko kile. Mimi, mzee mzima, niliyekuwa nikiwatambia kwamba mashine ile naijua kama mfuko wangu wa shati. Nikasema, "Mimi huwa naiwasha na kuizima tu. Mwenye kompyuta ni wewe."

Aliniangalia. Neno la siri tulikuwa nalo wawili. Alijua, na alijua kwamba najua kuwa anajua. Angesema neno moja tu ningeanguka mbele ya wakulima wangu wote.

Akainamisha kichwa. "Basi ni mimi, baba mkubwa. Nisameheni, wazazi wangu."

"Mmesikia," akasema Mama Anjela. "Kakiri mwenyewe. Katuweka matangani ili auze ya wajomba zake. Mwizi mkubwa."

Na mimi, badala ya kunyamaza basi, nikaongeza. Sijui shetani gani alinishika ulimi. Nikasema, "Mtoto humfuata mama."

Aliitoa ile alama. Mapeasi ya Gare yakajaa kwenye kioo mara moja, kama vile hayajawahi kupotea. Akaweka ufunguo wa ofisi mezani, akatoka kwa kuwapisha wazee wapite kwanza. Jioni ile alikuwa Mlalo kwa mjomba wake.

Hoteli zilikwisha kununua kwingine. Tulimwaga matenga kwa matenga bondeni, harufu ilikaa kwenye nguo zangu. Duka likaja kugoma tena, nikaita mtu wa Tanga, akaangalia, akaondoka. Likafa. Gare sasa wanamuuzia mwenye lori kwa bei anayotaka yeye. Hayo yote ningeyavumilia.

Kisha Mwanaidi akapata mchumba. Kwa desturi posa naipokea mimi, ndimi mkubwa wa baba yake. Mdogo wangu akaja kwangu macho chini, akasema mtoto ameomba mjomba wake wa Mlalo akae mahali pangu. Ameniletea salamu, anasema shikamoo. Mdogo wangu akaniuliza nimemfanya nini binti yake. Nikamwambia watoto wa siku hizi. Tazama, uongo mwingine!

Nilipanda gari nikaenda Mlalo. Alinipokea kwa heshima, akaniwekea maji ya kunawa, akanipikia bada, ugali wa muhogo, kwa samaki kama ninavyopenda. Nikaongea habari za mvua. Nikaongea bei ya viazi. Nimekaa pale mpaka mjomba wake akapiga miayo, neno lenyewe halikutoka. Akanisindikiza kituoni. Gari limekwisha kuwaka ndipo akasema.

"Baba mkubwa, mimi sikukasirikia alama. Kusahau, hata mimi ningesahau. Nilikuuliza pale mbele za watu nikijua jibu, nilidhani utasema wewe."

Nikaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya gari.

"Ukiwaambia wa Gare ukweli," akasema, "posa yangu utaipokea wewe. Nitakusubiri."

Nimekwenda Gare. Nimefika mpaka banda la Mama Anjela, ameniuliza nimekuja kununua nini, nikasema nataka mche wa peasi. Nimekwenda tena, nikarudi na mche mwingine. Miche imesimama uani kwangu, mke wangu anauliza unataka kufungua shamba? Wachumba wanakuja baada ya mavuno ya maharage, na maharage yamekwisha kukauka. Silali. Mzee niliyebeba kabeji kwa kichwa mpaka nikanunua lori, nimeshindwa kubeba neno moja kutoka Lushoto mpaka Gare.

Wewe mwenye watu chini yako, mashine ikikuletea jibu usilolitaka, jiulize kwanza mkono wako uligusa wapi. Na mtoto akikuuliza mbele za watu kwa adabu, ujue pengine anakupa nafasi. Sema hapo hapo. Ukiipitisha dakika ile, utaitafuta kwa nauli.

Mwanaidi jina lake lilitajwa mlangoni, likabebwa Gare nzima, likafika Mlalo. Hata jina hili la Mwanaidi nimelibadilisha humu, maana la kwake limekwisha kuchafuliwa vya kutosha. Langu nimeliacha nje, mpaka hapa nilipofika. Yaani bado ninajificha. Nimejaribu kuliandika hapa, na mkono umekataa.