Saa Nne Iliyoandikwa Kumi

Nilikuwa kwa fundi wa kompyuta hapa Masasi, natikisa mguu kungojea chaja yangu, mama mmoja akaingia haraka na kompyuta mpakato kifuani.

"Shikamoo, mama," fundi alimwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, saa ya hii kitu inadanganya. Umebadilisha betri mara mbili. Kila asubuhi naisahihisha kwa mkono wangu, ikishika mtandao tu, imerudi kulekule. Na leo nina usaili wa mtandaoni humuhumu, saa kumi!"

Fundi akaiwasha. Ilisoma 4:04.

"Umeirekebisha wewe?"

"Ndiyo. Si saa nne sasa? Nimeikuta inasema kumi!"

Fundi hakucheka. Akabonyeza, ikawa 10:04. "Mama, hii inaanza kuhesabu saa sita usiku. Saa nne yetu asubuhi ndiyo kumi yake. Hao wa usaili wameandikaje?"

Mama akafungua simu, akasoma, akasoma tena: "10:00 a.m." Kisha akashika mgongo wa kiti nilichokalia.

"Baba, nipishe."

Nikaruka. Kwa saa yao alikuwa amechelewa dakika nne. Kwa saa yake, maskini, alikuwa amewahi kwa karibu saa sita.