Kitwitwi Aliyeniomba Nimfungue

Cheka ukitaka, lakini haya niliyaona kwa macho yangu, na sikuwa nimeonja hata funda la pombe. Yalinikuta Tiira, upande wa Uganda, ambako mashimo ya wachimba dhahabu hujaa maji msimu wa mvua.

Kazi yangu ni kufuatilia vitwitwi, wale ndege wadogo wa matopeni. Hutua hapo, wakala wiki chache, kisha wakarudi Urusi kuzaa. Tunawanasa na kuwafunga mgongoni kiredio kidogo cha kutoa mlio, kwa uzi unaopita chini ya mabawa. Ukishafunga, lazima upitishe ncha ya penseli chini ya uzi. Ikipita, ndege hajabanwa. Siku ile mvua ilikuwa inakuja mbio. Nikamwachia mmoja bila kupitisha penseli. Nani angejua?

Siku ya nne wenzake wote walikuwa wameondoka. Kiredio chake bado kililia kwenye kipokezi changu, tip, tip, palepale. Roho haikutulia. Jua likizama nikafuata mlio, antena mkononi, hadi shimo la mwisho. Ndege sikumwona. Aliketi mtu mwembamba, kanipa mgongo, miguu matopeni. Nilipomwelekezea antena, mlio ukapanda. Nikaigeuza pembeni, ukafifia. Niamini, nilijaribu mara tatu.

"Habari ya jioni, mzee," nikasema.

"Wenzangu nakwisha kwenda," akajibu bila kugeuka. "Mimi nabaki. Hii kitu naumiza mimi. Toa."

Akainua mikono. Chini ya makwapa shati lilikuwa limekatika mstari mwembamba, damu inachuruzika. Mkasi nilikuwa nao mfukoni. Nasema tena, nilikuwa nao! Nikatimua mbio.

Asubuhi nilimsimulia mwenye nyumba wangu, Mama Ajambo, naye akanisindikiza. Tulimkuta kitwitwi kwenye tope, amekufa, uzi umezama nyamani. Nyayo zilikuwa zangu tu.

"Si alikuomba?" Mama Ajambo akaniuliza. "Sasa ulikimbia nini?"

Nililia tu.

Tangu hapo, kila ndege wanapoanza kuondoka, mstari mwekundu hunitokea chini ya makwapa, na shati lolote hunibana. Dawa za kupaka nimemaliza Tororo nzima. Wewe unayefunga kiumbe chochote, hata mbuzi wako, hata mvua ikikuchapa, hakikisha kwanza kamba haijambana. Na ukiombwa kufungua, fungua. Usingoje kujua anayeomba ni nani.