Udongo Nilioukanyaga Stanmore

Msije mkaniambia nilisinzia. Ulikuwa mchana kweupe, na pombe sijawahi kuionja. Wallahi yalinifika mimi, hapa hapa London, miaka ile Wahindi wa kwetu walipokuwa wanahamia Stanmore.

Mimi ni Mpemba, fundi plasta, niliyekimbia Mapinduzi. Bwana Kanti, aliyekuwa na duka Unguja kabla naye hajakimbia, alinunua kijumba cha kale pembezoni mwa Stanmore, akaniita nikitengeneze. Nilipokiona nilicheka. Paa la nyasi! Kuta za udongo! Uzungu wote huu, kumbe na wao? Ila kuta zao hazina fito kama zetu. Wazee wao walikanyaga udongo kwa miguu pamoja na majani makavu na mavi ya ng'ombe, wakaupandisha tabaka moja, wakangoja likauke, ndipo wakaongeza jingine. Ukuta mnene, unapita urefu wa mkono wangu.

Kanti aliingia ndani kuchemsha chai, mimi nikazunguka nyuma kuchukua ngazi. Nikamkuta mama wa Kizungu, sketi kaipandisha, anakanyaga udongo pekupeku katika baridi ile. Sasa kwetu Pemba, huwapiti watu wanakanyaga udongo wa nyumba ukaenda zako. Ni aibu. Unavua viatu unawasaidia. Nikavua, nikaingia.

Udongo ulikuwa wa moto! Nikamuuliza anajenga wapi. Akanijibu bila kuniangalia, "Majani peke yake hayashiki ukuta."

Nikatazama chini. Jamani, yule mama hakuwa na miguu! Kuanzia magotini alikuwa udongo mtupu, majani yamemtoka pande zote. Nikataka kuruka, mguu wangu wa kushoto umenaswa mpaka gotini. Nikaanza Ayatul Kursi, ikanipotea katikati. Mimi, niliyeihifadhi tangu utotoni!

Kanti akatoka mbio, birika mkononi. "We fundi! Una nini?"

"Nivute, Bwana Kanti! Nivute!"

Akanishika makwapani, akavuta, tukaanguka wote wawili. Kutazama, hakuna mama, hakuna udongo. Ua mzima umesakafiwa kwa mawe. Kanti anaapa hakuona mtu. Lakini mguu wangu ulikuwa na tope mpaka gotini, na tope lile alilifuta yeye kwa shati lake mwenyewe.

Kijumba alikiuza. Mimi mguu ule hauna hisia mpaka leo. Daktari wa mtaani kwetu Edmonton, hapa hapa London, kaupima, kasema damu inapita vizuri. Basi mbona binti yangu akifua ananiita, "Baba, why is there straw in your sock?" Majani makavu, ndani ya soksi! Nimjibu nini? Na mwaka huu ganzi imevuka goti, inapanda.

Kwa hiyo nisikilizeni. Mtu msiyemjua mkimkuta anajenga peke yake nyuma ya nyumba kama ile, msalimieni kwa mbali mpite. Atawaona hamna adabu. Na awaone hivyo hivyo, lakini mrudi kwenu na miguu yenu miwili.