Dada yangu alishindwa kukaa kwenye mkeka mbele ya wakwe: dawa za akili zimenichanganya mimi kuliko mgonjwa

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni.

Mimi humu ni msomaji tu, nacheka na kupita. Leo naandika kwa sababu kichwa kimejaa. Jina la dada yangu nimelibadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea. Asiyeamini apite kimya kimya.

Kwetu ni Kihanga, Karagwe. Nina mdogo wangu wa kike, tumwite Koku. Mwaka jana aliumwa. Alikuwa halali, anajibizana na watu ambao sisi hatuwaoni, akawa anakataa chakula anasema kimewekwa kitu. Tulizunguka kwenye maombi weee, mwisho tukampeleka hospitali, kliniki ya afya ya akili.

Akapewa haloperidol, kidonge kimoja jioni.

Wakuu, ile dawa ilifanya kazi. Sauti zikapungua hadi zikaisha. Koku akarudi kuwa Koku, mdomo wake uleule wa kunisema navyovaa. Mama alilia kwa furaha.

Baadaye kikaanza kitu ambacho sikukielewa.

Binti akawa hawezi kukaa. Akikaa kumenya ndizi, anamenya mbili, ananyanyuka. Anazunguka kwenye migomba, anarudi, anakaa, ananyanyuka tena. Akisimama, anahamisha uzito mguu huu, mguu ule. Usiku anapiga miguu kitandani mpaka anaamka amechoka.

Mama akasema ugonjwa umerudi. Baba akasema hizo dawa ndizo zinamharibu, tuzitupe. Mimi nikasema tukiacha dawa tutarudi kule kule. Tukabishana wiki nzima, na mimi kwa ubishi mnanijua (au hamnijui, lakini nawaambia).

Nikajaribu kusoma mtandaoni. Mawe, mama yangu! Ukurasa mmoja unasema dawa inatuliza, ukurasa unaofuata unasema inaleta mtu kutotulia. Sasa nishike lipi? Nikafunga simu nikiwa nimechanganyikiwa zaidi.

Kumbuka hapo Koku ana mchumba. Deo, kijana wa Nkwenda, Kyerwa, ananunua maharage na kahawa. Watu wake walishatuma taarifa kwamba wanakuja kujitambulisha. Na sisi tulikuwa tumekubaliana kama familia: habari ya ugonjwa isitoke nje ya nyumba. Ikitoka, ndoa hakuna.

Kwa wasiojua mila zetu. Siku hiyo binti anatoka ndani na shangazi yake, anapiga magoti, anasalimia, kisha anakaa kwenye mkeka, miguu imekunjwa upande, macho chini. Wanaume wanaongea mpaka wachoke. Yeye hatikisiki. Na wanawake wa upande wa pili hawasikilizi maongezi, wanamwangalia yeye amekaaje. Ndipo wanapompimia tabia.

Sasa mpe mtihani huo mtu ambaye hawezi kumaliza mkungu wa ndizi.

Shangazi akaja mapema kutoka Nyakatuntu kumwandaa. Akamwona anavyozunguka, akaguna. Akauliza dawa ni ya nini, mama akamwambia ni ya kumtuliza.

Shangazi akapiga hesabu yake mwenyewe: kama kimoja kinatuliza kidogo, viwili vitatuliza vizuri. Akaanza kumpa viwili. Asubuhi ya wageni akampa vitatu, ili akae. Hatukujua, wakuu. Hakuna aliyejua.

Wageni wakafika. Kahawa za kutafuna zikapita, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa, mshenga akasimama na maneno yake matamu. Koku akaletwa, akasalimia vizuri kabisa, akakaa.

Hakukaa muda. Miguu ikaanza. Akainuka nusu, shangazi akamvuta gauni chini. Akainuka tena. Jasho linamtoka, analia bila sauti. Mshenga bado anasifia ukoo wao, Koku akasimama katikati ya hotuba akatoka nje, akaingia kwenye migomba.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Deo akanyanyuka. Kwa mila bwana harusi mtarajiwa haondoki pale, hata aumwe na siafu. Yeye akatoka, akamfuata. Nikawakimbilia nikijua kuna ugomvi.

Nikawakuta wanatembea. Deo na suti yake, viatu vimejaa udongo, wanazunguka migomba pamoja, wanaongea. Akaniona, akasema, "Shemeji, hii siyo ile ya mwanzo. Kichwa kiko sawa, anasema miguu inawaka."

Nikamuuliza ile ya mwanzo yeye anaijulia wapi.

"Aliniambia mwenyewe kabla sijaongea na wazee wangu."

Wakuu, hebu oneni. Ukoo mzima tunaficha kitu kwa mtu anayekijua!

Kesho yake tukaenda kliniki, shangazi na Deo nao wapo. Nesi akauliza anakunywa vingapi. Shangazi ndipo akasema, tena kwa ukali, eti yeye alikuwa anasaidia.

Nesi hakumgombeza. Alitueleza kwamba kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini. Dawa inaizuia ili zile sauti zinyamaze, lakini kemikali hiyohiyo inasaidia mwili kwenda na kutulia, na dawa haichagui, inazuia kote. Kwa baadhi ya watu inaleta hali ya kushindwa kutulia. Ukiongeza dozi, unaongeza na hiyo hali. Na ukiacha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi. Daktari akapunguza dozi, akaongeza kidonge kingine cha kusaidia miguu. Siku zilivyosogea Koku akaanza kukaa mpaka sahani inaisha.

Bado sielewi vizuri. Dawa inamponya mtu kichwa halafu inampa mateso miguuni, na dalili zinafanana na ugonjwa wenyewe. Mtu wa kawaida atatofautishaje?

Wazee wa Deo hawajajibu. Deo anasema atarudi, wakitaka wasitake.

Somo nililopata ni kwamba dozi haiongezwi wala haipunguzwi nyumbani. Rudini kwa waliowapa dawa.

Ila kinachoninyima raha ni kingine. Juzi nilimuuliza Koku kwa nini hakutuambia ni miguu. Akanijibu taratibu, anamenya ndizi:

"Kaka, mlikuwa mnaulizana nyinyi kwa nyinyi. Baba anamuuliza mama, wewe unauliza simu. Mimi niliulizwa na Deo tu."

Waliopitia haya, nipeni uzoefu wenu. Na wanaotumia hizi dawa wenyewe, naomba ninyi ndio muanze.